UZI: Kipumbwi kwenda Nungwi wakati wa kusi. Bahari ya alfajiri si bahari ya saa saba

Mzee wa Foromali (mleta uzi)

Assalaam aleikum wakuu, na wa salamu nyingine habari zenu.

Nina mpwa wangu, jina namhifadhia, ana boti la faiba la mita saba na mashine ya nguvu za farasi 15. Wiki mbili sasa, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, alitaka kuvuka kutoka Kipumbwi, huku bara upande wa Pangani, kwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na vitu vya harusi: magodoro manane, masufuria, magunia mawili ya mchele, na watu watano juu yake. Saa moja asubuhi tumesimama pwani, akaniuliza, "Mjomba, upepo unauonaje?" Nikamwambia upepo huu hauna neno. Akageuka kwenda kupakia. Mie nilikuwa sijamaliza kusema.

Upepo wa saa moja asubuhi hauna neno karibu kila siku ya Mungu. Usiku bara inapoa, umande, yaani upepo wa nchi kavu, unashuka kwenda baharini, na kusi yenyewe, upepo wa msimu utokao kusini, imelala au inapumua kidogo tu. Jua likipanda, bara inashika moto, umande unakufa na kusi inaamka. Saa nne unaanza kuisikia kwenye minazi, saa sita imekaza, saa nane hadi saa kumi ndiyo mwenyewe. Kwa hiyo anayesimama ufukweni asubuhi akanusa upepo, amenusa upepo wa saa ambayo hatakuwa baharini. Yeye atakuwa katikati ya mkono wa bahari saa saba mchana.

Hiyo nusu ya habari. Nusu ya pili ni maji, na hapo ndipo vijana wa mashine wanapopotea, kwa sababu wanadhani habari za maji ni za wenye matanga.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: kutoka kupwa hadi kujaa maji yanapanda karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa mita 1 na ushei tu. Mie sihitaji kalenda ya bandarini, nimekariri hivi: siku za bamvua, maji hujaa saa kumi kwenda saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne na nusu hivi, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake, kujaa kunaangukia saa nne na kupwa saa kumi.

Sasa mtazameni mpwa wangu. Saa moja maji yanatoka, yeye anapakia. Saa tatu chombo kimepwelewa, kimekaa juu ya mchanga kama meza. Akasubiri maji yarudi, akaja kuelea saa sita kasoro. Bamvua ndivyo ilivyo wakati wa kusi: ukikosa alfajiri, inakushika juu ya mchanga mpaka upepo uamke, kisha ndipo inakufungulia.

Na maji yanayorudi yanaelekea wapi? Mkono huu kati ya Unguja na bara unajazwa kwa ncha zote mbili. Kusini yanaingia, na huku kaskazini, mbele ya Nungwi, yanaingia pia. Yakitoka, yanatoka kote kote. Basi kwetu sisi wa upande huu, maji ya kujaa yanashuka kwenda kusini, na kusi inatoka hukohuko kusini inakuja. Wanapambana uso kwa uso. Upepo uleule wa jana ambao ulikupa mawimbi marefu ya kupanda na kushuka, leo maji yakiukabili, wimbi linasimama wima, linakuwa fupi, halina mgongo. Omo, yaani pua ya chombo, inapanda la kwanza, inazamia la pili.

Halafu maji hayaendi mwendo mmoja. Gawa kimo chote kwa 12. Saa ya kwanza yanapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama bamvua ni ya mita 3.6, saa ya tatu peke yake maji yamepanda sentimita 90, na kinachopanda hivyo lazima kiwe kinakimbia. Ukihesabu kuanzia kupwa kwa saa nne na nusu, zile saa mbili nzito ni saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu mchana. Weka juu yake kusi ya saa nane. Ndiyo hiyo sasa.

Alirudi saa kumi na moja jioni. Watu wote wazima, alhamdulillahi. Magodoro matano.

Chura wa Bara

Nimesoma huku nimeshika kiti, mkuu. Mimi kuogelea najua kwenye beseni tu. Swali la mshamba: basi maji na upepo vikienda njia moja inakuwa raha mwanzo mwisho?

Mzee wa Foromali

Raha ipo, ila ni raha ya kupelekwa. Maji ya bamvua yakitoka asubuhi yanakwenda kaskazini pamoja na kusi, bahari inalala vizuri. Juu ya hayo kuna mkondo wa bahari kuu unaopanda kaskazini mwaka mzima pwani hii yote, na wakati wa kusi unapata nguvu zaidi. Fanya hesabu ndogo. Kipumbwi mpaka Nungwi ni kama kilomita 45. Faiba yenye mzigo inakwenda kilomita 10 kwa saa, basi saa nne na nusu. Ukisukumwa kilomita 3 tu kila saa, mwisho wa safari uko kilomita 13 na nusu kaskazini ya ulikolenga. Hapo si Nungwi tena. Uko kwenye mlango wa Unguja na Pemba, bahari kuu inakutazama.

Dawa yake ya kale ni alama mbili. Ukitoka, chagua vitu viwili nyuma yako vilivyopangana, mnazi mrefu na kilima nyuma yake, au mnara na paa la msikiti. Vikiendelea kupangana unakwenda sawa. Vikiachana, unapelekwa, na namna vinavyoachana inakuonyesha upande.

kapteni_wa_15

Shikamoo mjomba. Huyo mpwa ni mimi, na watu wa Kipumbwi wote wameshajua, umehifadhi jina bure.

Naomba nijitetee kidogo. Sikutoka kijinga. Niliangalia programu ya hali ya hewa kwenye simu usiku na asubuhi. Ilionyesha kilomita 22 kwa saa mchana, mawimbi mita 1.2. Nimeshavuka na 22 mara nyingi. Na saa ya kwanza ilikuwa shwari kweli, mpaka abiria mmoja akalala.

Nilichokiona baadaye ni hivi. Tulivyozidi kwenda mashariki mawimbi yakaanza kuja kutoka pande mbili, madogo ya kusi kutoka kulia na mengine marefu kutoka mbele kushoto, ambayo mwanzo hayakuwepo. Saa saba na robo tukapokea maji ya kwanza juu ya omo, la pili likajaza mpaka kwenye vifundo. Tulikuwa na kata moja na ndoo moja. Watu wawili wanafua maji, mmoja ameshika magodoro, na godoro likishalowa ni zito kuliko mtu. Nikaamua kugeuka.

Kugeuka ndiko kulikoniogopesha. Kwenda, mawimbi unayaona. Kurudi yanakuja tezini, yanakuinua nyuma, omo inachimba na boti inataka kulala ubavu. Magodoro matatu yalitoka hapo, mawili niliyatupa mimi, moja liliondoka lenyewe.

Mwalimu wa Kidato

Pole kapteni. Niongeze jambo moja la darasani, halafu nirudi kwenye madaftari yangu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake, inaongezeka kwa mraba. Upepo ukitoka kilomita 20 kwenda 28 kwa saa, mtu anaona umeongezeka kidogo, kumbe msukumo wake umekaribia maradufu. Na ile mita 1.2 ya mawimbi kwenye simu si wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa. Ukikaa baharini saa kadhaa, tarajia kukutana na moja linalokaribia mara mbili ya hapo.

Mzee wa Foromali

Ahsante mwalimu, hilo la theluthi nilikuwa silijui kwa jina ila kwa mgongo nalijua.

Kapteni, marahaba. Hukufanya ujinga, ulifanya haraka. Simu yako ilisema kweli kuhusu upepo, tena nadhani ulisoma mstari wa wastani ukaacha mstari wa vishindo, upepo unaopiga kwa ghafla, ulio chini yake. Lakini simu ile haikujua kuwa saa hiyo maji yanaukabili upepo. Wewe ulivuka na 22 mara nyingi, sawa, na siku hizo maji yalikuwa yanakwenda wapi? Ukinijibu hilo nitakununulia godoro.

Na yale mawimbi marefu ya kushoto nakuambia ni nini. Ukiwa karibu na bara, Unguja imekaa mbele yako kama ukuta, mawimbi ya bahari kuu hayakufikii. Ukisogea mashariki unakaribia ncha ya ukuta, na ng'ambo ya ncha ile bahari haina mlango wala kitasa. Yanazunguka ras yanakuja kwako. Ndiyo maana pwani ya Kipumbwi si mahali pa kuipimia bahari ya Nungwi.

BintiRas

Hodi humu. Mie wa Nungwi, babangu fundi wa majahazi, nimekulia kwenye vumbi la randa.

Kwa nini watu wa huko hawapigi simu? Mtu ana simu ya kuangalia upepo wa dunia nzima, hana namba ya mvuvi mmoja wa Nungwi. Piga saa tisa usiku, sisi tunaamka, uliza: ras ikoje? Upepo ulilala usiku au haukulala? Hilo la pili ndilo kubwa. Kusi iliyolala usiku itaamka saa nne na utakuwa umeshafika. Kusi isiyolala, yaani saa tisa usiku bado inapiga, hiyo mchana wake hauna mfano, mwache mtu alale nyumbani kwake.

Na jengine. Wanaokuja usiku wanaona taa za mahoteli yetu toka mbali wanazilenga hizohizo. Usilenge taa. Lenga Mwana wa Mwana, kile kisiwa kidogo kaskazini ya Tumbatu. Mkondo ndio utakaokupandisha mpaka Nungwi. Ukilenga Nungwi utafika usikokujua, na kurudi kusini dhidi ya mkondo na kusi kwa mashine ya 15 yenye mzigo, mafuta yatakuishia njiani.

Mkerewe wa Kweli

Wakuu wa maji ya chumvi, salamu kutoka Ukerewe. Naona mmeshakubaliana kwamba alfajiri ndiyo salama. Nawaomba msiwapelekee watu wa ziwani ushauri huo bila kufikiri. Kwetu hakuna kupwa wala kujaa kwa kusema, ila radi na dhoruba za Ziwa Victoria zinapenda usiku wa manane mpaka alfajiri, hasa masika. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote za ziwa unakutana katikati, mawingu yanapanda hapo. Wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa usiku wa giza wanalijua hilo. Mwanga wa radi upande wa ziwa saa nne usiku, hata kama juu yako kuna nyota, ni habari.

Mzee wa Foromali

Umesema vizuri sana Mkerewe. Kila maji na tabia yake. Hata hapa kwetu masika nayatenga. Mwezi wa nne na wa tano kusi inaingia na mvua, mstari mweusi unatoka upande wa kusini na upepo wake uko mbele ya mvua. Ukiuona umegusa maji, tanga linatuliwa kwanza, maswali baadaye.

Mpemba Mtalii

Mzee, na kaskazi je? Mie huvuka mwezi wa kwanza, naona bahari nyepesi lakini siku nyingine inachafuka asubuhi bila sababu.

Mzee wa Foromali

Sababu ipo, geuza tu hesabu ileile. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Bamvua ya asubuhi maji yanatoka kwenda kaskazini, yanaukabili upepo, na mkondo wa bahari nao unaukabili. Mchana maji yanaingia kwenda kusini, yanakwenda na upepo. Kwa hiyo wakati wa kaskazi, siku za bamvua, asubuhi ya saa mbili tatu inaweza kuwa na wimbi fupi la kuudhi kuliko saa tisa, ingawa upepo wa saa tisa ni mkubwa zaidi. Ila kaskazi kwa safari hii ni upepo wa ubavuni, unakwenda na kurudi kwa tanga moja. Kusi kwenda Nungwi ni karibu na uso wa upepo. Sisi wa mashua tulikuwa hatubishi, yaani hatupandi dhidi ya upepo kwa tanga, toka Kipumbwi, tulikuwa tunashuka kwanza na umande kando ya bara mpaka mbele ya Mkwaja, kusini ya Kipumbwi, ndipo tunakata kwenda mashariki. Inaonekana unazunguka, kumbe unafika mapema.

Fundi Plagi

Nimevumilia mpaka hapa. Mnaongea upepo, hamuongei mashine. Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Wimbi fupi linatikisa tangi, uchafu na maji ya chini yanapanda, mashine inazima katikati kabisa. Plagi mbili za akiba, spana yake, makasia mawili. Na jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe kama mito.

BintiRas

Na mzigo, Fundi. Mwaka 2011, kuamkia tarehe 10 Septemba, MV Spice Islander I ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikienda Pemba. Meli ile ilijazwa watu na mizigo kupita kiasi. Wavuvi wa kwetu walitoka na vyombo vidogo kuokoa watu gizani. Tangu hapo nikiona boti imepakiwa mpaka ubao wa juu unakaribia maji, siulizi upepo.

Chura wa Bara

Mimi nakaa bara na nimeamua nitaendelea kukaa bara. Lakini nipeni kipimo cha macho. Mtu asiye na simu wala mjomba, anajuaje upepo umefika wapi?

Mzee wa Foromali

Tazama maji, usitazame miti. Povu jeupe likitokea hapa na pale, moja huku, jingine kule, upepo uko chini ya kilomita 20. Ukiona meupe kila upande huwezi kuhesabu, umevuka 20 unakwenda 28, na hapo faiba ya mita saba yenye magodoro haina biashara huko. Lakini kayatazame kwenye ras au juu ya fungu la nje, si nyuma ya mikoko. Na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hakuna cha kutazama, nenda kacheze bao.

kapteni_wa_15

Mjomba, nimetafuta tarehe. Safari zangu tatu za 22, mbili zilikuwa maji mafu na moja nilitoka alfajiri ya bamvua maji yakitoka. Nadai godoro langu.

Mzee wa Foromali

Sasa umevuka kweli. Godoro utachukua kwa shangazi yako.

kapteni_wa_15 (siku sita baadaye)

Mrejesho wakuu. Tulingoja maji mafu. Jumanne saa nne usiku maji yakiwa juu tulikitoa chombo, tukatia nanga nje pa kina, tukalala ndani ili kupwa kwa saa kumi kusitukute mchangani. Saa tisa nikampigia BintiRas kwa namba aliyonitumia inbox. Akasema upepo haujalala. Hata pale tulipolala kamba ilikuwa inavuta. Tukarudi nyumbani na maji ya asubuhi, watu wakatucheka.

Jumatano tukafanya vilevile. Saa tisa akasema umelala. Tukang'oa nanga saa kumi, watu watatu tu, masufuria yamefungwa chini katikati, magodoro kwenye nailoni. Nililenga Mwana wa Mwana. Jua lilitoka tukiwa tumeshaiona Tumbatu mkono wa kulia, na mkondo ukanipandisha vilevile kama nilivyoambiwa, nikarekebisha mara mbili. Saa mbili na nusu tumetia nanga Nungwi. Saa tano nimekaa kwa mama ntilie nakula, naiangalia bahari ileile niliyopita, meupe kila upande.

BintiRas

Nathibitisha, magodoro matano yamefika makavu. Bibi harusi alikuwa ameshalalia mkeka wiki tatu, kasema sasa mgongo umezoea, apewe mkwe.